Kipenyo cha Silinda, Mwendo wa Pistoni na Uvumi wa Gereji

*Je, ni kweli kwamba pistoni yenye mwendo mrefu ndiyo yenye torki, na silinda pana ndiyo yenye nguvu za farasi?*

Madereva kadhaa wa bodaboda wa Msata, na wabeba mananasi wa Kiwangwa, wameliuliza jambo hili kila mmoja kwa maneno yake, nami nawajibu pamoja, maana dhana hii imenichosha. Hoja ya mafundi ni kwamba mkono wa krenki ukirefuka, nguvu ya kuzungusha huzidi. Wala hapo hawakukosa, ila husahau kwamba, maadamu ujazo wa silinda ni ule ule, kila aurefushaye mwendo hana budi kuupunguza upana wa pistoni, na shinikizo la gesi likapata mahali padogo pa kusukuma, hata faida yote ya mkono ikaliwa na hasara ya upana, kwa kipimo sawasawa. Torki hufuata ujazo na shinikizo.

Kinachobadilika ni kasi. Pistoni ya Boxer 150, yenye kipenyo cha milimita 56 na mwendo wa 58.8, injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, hukimbia wastani wa mita 14.7 kwa sekunde. Mwendo ungerefuka, kikomo cha kasi ya pistoni kingefikiwa mapema. Silinda pana, kwa upande wake, ina nafasi ya valvu kubwa, ikavuta hewa ya kutosha hata mizunguko ikizidi. Na nguvu za farasi aghalabu huzaliwa hapo, kwani ni torki mara mizunguko: Nm 12 kwa mizunguko 5,000 ni takriban nguvu za farasi 8.5, na torki hiyo hiyo ikidumu hadi 7,500, hukaribia 13.

*Mbona malori ya Scania yaelekeayo Segera huvuta mizigo mizito kwa mizunguko michache?*

Kwa sababu injini yao ya lita 12.7 ina silinda sita za milimita 130 kwa 160, na turbo ya kushindilia hewa. Sifa ni ya ujazo na turbo. Huo mwendo mrefu ndio unaoizuia injini isikimbie.

*Fundi ataka kunichongea silinda ya Boxer na kuweka pistoni ya oversaizi, niongeze nguvu. Nikubali?*

Ukiongeza nusu milimita, ujazo hupanda kutoka sentimita za ujazo 144.8 hadi 147.4, yaani hata asilimia mbili haifiki. Wepesi unaousikia baadaye ni wa ringi mpya kuziba pumzi iliyokuwa ikivuja, na anayekutoza kwa jina la kuongeza nguvu anakuuzia ringi kwa bei ya uganga. Silinda ikiwa imelika, ichongwe. Ikiwa nzima, mkatalie, maana kila ukichonga ukuta wa bloku hupungua.

*Je, nikitoa kichujio cha hewa, pikipiki itapata nguvu zaidi?*

Itapata vumbi. Kirudishe leo.