Somo la 9: Kukompaili Programu kwa Kompyuta Yenye Prosesa Zaidi ya Moja

Malengo. Ukimaliza somo hili uweze: (a) kueleza kazi ya kompaila, (b) kutaja hatua za kuiwezesha programu kutumia prosesa kadhaa, (c) kukokotoa ongezeko la kasi na kueleza kwa nini prosesa mbili hazileti kasi maradufu.

Kipengele (c) ndicho kinachowapotezea watahiniwa wengi alama. Wanaandika, "Kompyuta ina prosesa 2, kwa hiyo kazi itachukua nusu ya muda," kisha wanaweka nukta. Jibu hilo halitoshi, na mara nyingi si la kweli. Tutaona sababu kwa mfano mmoja: programu ya sataranji.

1. Mfano wetu

Crafty ni programu ya kucheza sataranji iliyoandikwa na Robert Hyatt, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu katika jimbo la Alabama, Marekani. Kabla yake, Hyatt na wenzake walikuwa na programu iitwayo Cray Blitz, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa sataranji ya kompyuta mwaka 1983 na 1986. Crafty imeandikwa kwa lugha ya C, na msimbo chanzo wake ulitolewa kwa watu kuusoma na kuukompaili wenyewe.

Tuchukue kwamba tunaiweka kwenye Sun Ultra 60, kompyuta ya kitaalamu iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilitengenezwa kupokea prosesa 1 au 2 za aina ya UltraSPARC-II, na ilitumia mfumo endeshi wa Solaris. Ndugu yake, Ultra 80, ilipokea hadi prosesa 4.

2. Kwa nini tukompaili upya?

Kompaila ni programu inayotafsiri msimbo chanzo kuwa lugha ya mashine. Kila jamii ya prosesa ina lugha yake. Faili lililokompailiwa kwa prosesa ya Intel halitafanya kazi moja kwa moja kwenye UltraSPARC, hata kama msimbo chanzo ni uleule.

Kuna sababu ya pili. Ubao wa sataranji una miraba 64. Crafty huuwakilisha kwa namba zenye biti 64, kila biti ikisimamia mraba mmoja. UltraSPARC inaweza kushughulikia biti 64 kwa mkupuo. Lakini ukikompaili kwa biti 32, namba hiyo hugawanywa vipande viwili, na operesheni moja hugeuka kuwa kadhaa. Unakuwa na mashine yenye uwezo, lakini umeinyima nafasi ya kuutumia.

3. Milango mitatu

Prosesa ya pili haifanyi kazi kwa sababu tu ipo ndani ya kasha. Kumbuka milango mitatu. Mmoja ukifungwa, prosesa ya pili haitaisaidia programu yako.

*Mlango wa kwanza: mfumo endeshi.* Lazima uzitambue prosesa zote. Kwenye Solaris, amri `psrinfo` huziorodhesha. Ikionyesha moja tu, tatizo si la kompaila.

*Mlango wa pili: kukompaili.* Katika matoleo ya zamani ya Crafty, sehemu ya msimbo inayohusu prosesa nyingi imewekewa sharti. Usipotoa alama inayotakiwa, mistari hiyo huondolewa kabla ya kutafsiriwa. Chaguo muhimu ni haya:

- `-O2` : kompaila iboreshe kasi ya programu.
- `-m64` : itoe msimbo wa biti 64.
- `-DSMP` : iingize sehemu ya prosesa nyingi.
- `-DCPUS=2` : idadi ya juu ya prosesa zitakazotumika.
- `-lpthread` : iunganishe maktaba ya nyuzi. Uzi ni mfululizo wa maagizo unaoweza kuendeshwa sambamba na mwingine ndani ya programu moja.

*Mlango wa tatu: kuendesha.* Kukompaili kumeweka uwezo tu. Mtumiaji bado anatakiwa kuiambia programu itumie nyuzi mbili; katika matoleo hayo ya Crafty, huandikwa `mt=2`. Asipofanya hivyo, prosesa ya pili haitapewa kazi yoyote na programu.

4. Kwa nini kasi haiwi maradufu?

Programu ya sataranji hujaribu miendo mingi ili ipate ulio bora. Inapomaliza kupima mwendo wa kwanza, hupata kipimo. Kwa kipimo hicho huweza kuacha mapema miendo mingine inayoonekana wazi kuwa mibaya. Huko ndiko kuokoa muda.

Sasa wape watu wawili kazi hiyo waanze pamoja. Wa pili hana kipimo, kwa sababu wa kwanza hajamaliza. Atachunguza kwa bidii njia ambazo angeziacha kama angejua. Amefanya kazi, lakini kazi isiyohitajika. Kwa hiyo programu nzuri huchunguza mwendo wa kwanza kwanza, ndipo hugawa iliyobaki.

Kuna hasara nyingine mbili. Kwanza, nyuzi hutumia kumbukumbu ya pamoja, hivyo kuna kufuli za kuzuia nyuzi mbili zisibadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Uzi mmoja ukishika kufuli, mwingine husubiri. Pili, uzi uliomaliza sehemu yake mapema hukaa bure hadi upewe kazi nyingine.

5. Mfano wa hesabu

Kwa Crafty, Hyatt alitumia kanuni hii ya kukadiria ongezeko la kasi (K) kwa prosesa n:

K = 1 + 0.7 × (n − 1)

Uchunguzi unachukua sekunde 100 kwa prosesa 1. Kadiria muda kwa prosesa 2 na kwa prosesa 4.

Prosesa 2: K = 1 + 0.7 × 1 = 1.7. Muda = 100 ÷ 1.7 = sekunde 58.8.
Prosesa 4: K = 1 + 0.7 × 3 = 3.1. Muda = 100 ÷ 3.1 = sekunde 32.3.

Ufanisi hupatikana kwa kugawanya K kwa n. Prosesa 2: 1.7 ÷ 2 = 85%. Prosesa 4: 3.1 ÷ 4 = 77.5%. Kasi imepanda, lakini mchango wa kila prosesa umeshuka.

6. Jihadhari na mtego huu

Programu huonyesha idadi ya hali za ubao inazochunguza kwa sekunde. Kwa prosesa 2 namba hiyo yaweza kukaribia maradufu, na mtahiniwa akadhani kasi imekuwa maradufu. Sivyo. Namba hiyo inahesabu pia kazi isiyohitajika. Kipimo sahihi ni muda wa kufikia kina kilekile cha uchunguzi, kwa hali ileile ya ubao.

Swali la zoezi (alama 10)

Juma amekompaili Crafty kwa `-DCPUS=2` na `-lpthread` pekee kwenye Ultra 60 yenye prosesa 2. Ameandika `mt=2`, lakini muda haukupungua.
(a) Taja kosa lake. (alama 2)
(b) Eleza sababu tatu zitakazozuia kasi kuwa maradufu hata akirekebisha. (alama 6)
(c) Uchunguzi wa sekunde 85 kwa prosesa 1 utachukua muda gani kwa prosesa 2? (alama 2)

Mwongozo wa majibu

(a) Hakuweka `-DSMP`, hivyo sehemu ya prosesa nyingi haikukompailiwa. (b) Kazi isiyohitajika kwa kukosa kipimo cha mwendo wa kwanza. Kusubiriana kwenye kufuli. Uzi kukaa bure. Kutaja tu ni alama 1 kwa kila sababu. Alama ya pili hupatikana kwa kueleza. (c) 85 ÷ 1.7 = sekunde 50. Onyesha kanuni na hatua zote.