Vumbi la Usangu na Upepo wa Usiku

Kila ifikapo Agosti, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na mashamba yamebaki matupu, Bonde la Usangu huamka limefunikwa na utando hafifu. Wengi huuita ukungu. Mara nyingi ni vumbi na moshi wa jana yake, vilivyokosa njia ya kutokea.

Bonde letu limezungukwa na nyanda za juu: Uporoto na Kipengere upande wa kusini, na miinuko ya Chunya upande wa pili. Jua likizama na anga likiwa halina mawingu, ardhi hupoteza joto haraka. Hewa inayogusa miteremko hupoa, huwa nzito, kisha huteremka bondeni taratibu, kama maji ya mfereji yanavyojaza jaruba. Hewa yenye joto hubaki juu yake mithili ya kifuniko cha chungu. Vumbi lililotimuliwa na gari au kundi la ng'ombe saa kumi na mbili jioni hunaswa chini ya kifuniko hicho. Chembe kubwa huanguka mapema. Zile laini, ambazo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, huelea hadi asubuhi.

Juu ya kifuniko mambo ni kinyume. Huko upepo hauzuiwi tena na msuguano wa ardhi, hivyo huongeza kasi wakati sisi tunadhani umetulia. Jua likipanda, kifuniko huvunjika na upepo ule hushuka kwa ghafla. Wapepetao mpunga wanalijua jambo hili bila kufundishwa: hawatandiki turubai alfajiri, husubiri jua lipande. Upepo uleule unaotenganisha pumba na punje ndio unaoinua udongo wa shamba lililo wazi.

Watafiti waliopima upepo mwaka 2005 katika bonde la Bodélé nchini Chad, karibu na milima ya Tibesti na Ennedi, walikuta mwenendo huohuo: upepo wa juu hushika kasi usiku, na vumbi hutimka asubuhi. Usangu si jangwa. Hata hivyo, shamba lililochomwa mabua na kukanyagwa na mifugo hufanana na jangwa mpaka mvua zirejee, na wenzetu wa Isimani na Pawaga mkoani Iringa wanalielewa hilo vyema.

Kwa hiyo kuchoma mabua jioni, kwa hoja kwamba upepo umetulia, ni kosa. Moshi hauendi kokote, na mtoto mwenye pumu hulala nao. Mabua yalishwe mifugo au yaachwe shambani yashike udongo. Ua unyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, maji ya kunywa yafunikwe, na madereva wapunguze mwendo kwenye barabara za vumbi, hasa kuanzia magharibi.

Mwenye kikohozi kilichofikia wiki mbili asikisingizie vumbi. Afike kituo cha afya apimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo.