Diwani Wako Alikuwepo?

Sterling haina meya. Mambo yake huamuliwa Leesburg, kwenye baraza la Kaunti ya Loudoun lenye watu 9: mwenyekiti na madiwani 8, ambao huku huitwa masupavaiza. Wilaya ya Sterling inawakilishwa na Koran Saines, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 2015. Hakikisha wilaya yako kwanza, maana nyumba nyingine zenye anwani ya Sterling zimo Algonkian au Broad Run.

Picha za sherehe hazikuonyeshi kazi ya diwani. Soma kumbukumbu za kikao. Sheria ya Virginia inataka zitaje waliohudhuria na wasiohudhuria. Ukikuta 8-0-1, wanane wamekubali, hakuna aliyepinga, mmoja hakuwepo au hakupiga kura, na jina lake limeandikwa pembeni. Mara moja si kosa, watu huugua. Soma na za kamati: huko ndiko hoja nyingi huchambuliwa, na ukingoja siku ya kura umechelewa.

Kuhudhuria na kusema hakuhitaji uraia. Kupiga kura kunahitaji. Kama wewe si raia, usijaze fomu ya kujiandikisha hata ukihimizwa: inaweza kuharibu kesi yako ya uhamiaji.