Mfupa Usiomo Kooni: Somo la Kuwatunza Mbwa na Paka Nyumbani

Ndugu msomaji, somo letu la safari hii linahusu mbwa na paka wa nyumbani, na huenda ukajiuliza polisi wana hoja gani na mbwa wa mtu. Wanayo. Katika vijiji vya Kisinga, kuanzia mjini hadi miteremko ya kuelekea Kyarumba, mbwa ndiye mlinzi wa kwanza wa nyumba. Yeye hulinda mbuzi, kuku na kahawa iliyoanikwa uani. Yeye pia huzua kesi zinazofika mbele ya Mwenyekiti wa LC I na hatimaye kituoni: mbwa amemuuma mtoto wa jirani, jirani amemwua mbwa, mwenye mbwa amempiga jirani. Ugomvi wa namna hiyo tunaweza kuupatanisha. Lakini nyuma yake huweza kujificha jambo ambalo hakuna baraza wala mahakama inayoweza kulirekebisha, nalo ni kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Tuanze na yale ambayo mwenye mnyama anaweza kuyafanya mwenyewe, kwa kuwa daktari wa mifugo ni mmoja na vijiji ni vingi, wala haiwezekani kumwita kwa kila kiroboto. Kupe mtoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu, kisha umtumbukize katika maji ya moto. Usimpasue kwa kucha. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mbwa kwa kukisia kipimo, na paka usimpake kabisa, maana paka hujilamba mwili mzima na sumu yote huishia tumboni. Mbwa mwenye upele wengine humpaka oili chafu ya gari. Oili hiyo huiunguza ngozi, na mbwa huilamba vilevile. Vidonge vya kutuliza maumivu vya binadamu, kama panado, viweke mbali na wanyama hawa. Kidonge kimoja tu chaweza kumwua paka.

Siku ya kuchinja mbuzi, usimtupie mbwa mapafu na maini mabichi yenye vifuko vya maji. Humo mna mbegu ya tegu mdogo anayekua tumboni mwa mbwa, na mayai yake yakiingia kinywani mwa mtu huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huo ulienea hata ukaanzishiwa mpango maalumu wa kuudhibiti. Ichemshe nyama hiyo kwanza, au ifukie kwenye shimo refu. Na mbwa mzima akifa ghafla usiku mmoja huku povu likimtoka, tuarifu asubuhi ileile, kwa sababu wapo wezi wanaomlisha mbwa sumu leo ili waje kuiba kesho.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kuna kosa moja ambalo watu hulifanya kwa huruma, na huruma hiyo imewaponza wengi. Mbwa anaonekana ameachama, taya limelegea, mate yanamtiririka, anataka kumeza na hawezi, na sauti yake imekwaruza. Mwenyewe anakata shauri kwamba amekwamwa na mfupa. Anamwita mwanawe ashike tochi, anakipanua kinywa cha mbwa na kuingiza vidole kuutafuta mfupa huo. Mfupa haumo. Kilichomo ni kirusi ambacho kimeshafika ubongoni, kikapooza misuli ya taya na koo, na sasa kimejaa katika mate. Mbwa huyo hana haja ya kumuuma mtu. Mkwaruzo mdogo kidoleni, uliopatikana asubuhi shambani, unatosha kuwa mlango.

Kwa hiyo mbwa asiyeweza kufunga kinywa wala kumeza asiguswe kinywani na mtu wa nyumbani. Ni kweli kwamba mifupa hukwama kooni mwa mbwa mara nyingine, lakini kwa kutazama tu huwezi kutofautisha kwa hakika, na gharama ya kukosea ni maisha. Mfungie ndani, weka watoto mbali, mwite daktari wa mifugo. Kanuni ni hiyohiyo kwa ng'ombe au mbuzi anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza, maana nao wakiumwa na mbwa mgonjwa hupatwa na kichaa.

Dalili nyingine ni kubadilika kwa tabia. Mbwa mpole huwa mkali, na mkali huwa mnyamavu, akajificha gizani. Mwingine hutafuna mti, udongo au mnyororo wake, au huondoka nyumbani na kwenda mbali bila sababu. Baadaye miguu ya nyuma hulegea, na kwa kawaida hafiki siku kumi tangu dalili zianze. Wengi hudhani ugonjwa huu ni wa mbwa waliokonda wasio na wenyewe. Hata kitoto cha mbwa kinachochezewa na watoto kutwa nzima chaweza kuwa nao.

Mtu akiumwa, akikwaruzwa, au mate ya mnyama yakigusa kidonda chake, jambo la kwanza ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika kumi na tano. Dakika hizo ni nyingi kuliko zinavyosikika. Zikadirie kwa muda wa kusonga bundu ya watu wa nyumbani. Kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huupasua. Wakazi wa Kisinga hawahitaji kuhubiriwa juu ya kazi ya sabuni: mwezi wa Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo na mtoto mgonjwa akapelekwa Hospitali ya Kagando, ndoo za maji na sabuni zilisimama milangoni. Sabuni ileile ndiyo inayohitajika hapa. Usiweke jiwe jeusi, pilipili, wala majani ya kutafuna. Usilifunge jeraha kwa kulikaza. Nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Kagando, Bwera au kituo cha afya kilicho karibu. Ukiambiwa chanjo imekwisha, uliza ilipo, nawe uende huko bila kulala.

Haraka hiyo ina sababu. Kutoka kwenye jeraha, kirusi husafiri polepole kupitia neva hadi ubongoni, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Chanjo hushindana nacho njiani. Ndiyo maana mnamo Julai 1885 Louis Pasteur, huko Ufaransa, alimpa chanjo Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyekuwa ameshaumwa na mbwa, na mvulana huyo akaishi. Mtoto huumwa usoni au kichwani kwa sababu ya kimo chake, na kutoka hapo hadi ubongoni njia ni fupi. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa katika tarehe zitakazoandikwa hospitalini, na majeraha mengine huhitaji pia dawa ya kingamwili kuchomwa palepale penye jeraha. Kuruka dozi kwa kuwa kidonda kimepona ni kujidanganya.

Hapa sina budi kuungama. Miaka iliyopita, katika kituo kimoja nilichopangiwa nje ya wilaya hii, mzee mmoja alishuka kwenye boda boda akiwa na mjukuu wake aliyeumwa shavuni. Akasema, "Afande, nimekuja kuchukua fomu, ndipo tuende hospitali." Nami nikamjibu, "Keti, mzee wangu," nikafungua kitabu. Nikaandika jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa, saa ya tukio, na kama mbwa alikuwa amefungwa. Saa nzima ilipita. Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi, damu imemkauka shavuni, na hapana hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba bomba la maji lilikuwa nyuma ya ukuta. Ni muuguzi aliyetuuliza kwa simu, "Mmemwosha?" Mtoto yule alipata chanjo na ni mzima. Lakini saa ile niliipoteza mimi, si babu yake.

Basi lieleweke na wananchi, na askari wenzangu nao walisikie: fomu ya polisi ni kwa ajili ya kesi, na tiba haiingoji kesi. Osha, nenda hospitali, kisha njoo kituoni kesho au keshokutwa. Taarifa yako itapokelewa vilevile.

Na mbwa aliyeuma afanywe nini? Hasira husema auawe papo hapo. Ikiwa anaweza kukamatwa bila hatari, afungwe au afungiwe ndani kwa siku kumi, apewe maji na chakula kwa mbali, na daktari wa mifugo aarifiwe. Mbwa aliyekuwa na kirusi katika mate siku alipouma ataugua au atakufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na kirusi siku ile, na tabibu aweza kusitisha dozi zilizobaki. Hata hivyo chanjo ya mtu ianze mara moja. Haisubiri siku kumi za mbwa. Ikibidi mbwa auawe, asipigwe kichwani kwa rungu wala kwa risasi, maana ushahidi uko ndani ya ubongo, na ubongo ndio unaopimwa katika maabara ya taifa ya magonjwa ya wanyama huko Entebbe. Mzoga usichunwe wala usitupwe mtoni. Mara ngapi mbwa huzikwa kichwa kikiwa kimepondwa, na familia ikabaki miezi mitatu haijui inangoja nini!

Uganda ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, na mbwa wanaozurura katika eneo lililotangazwa kuwa na ugonjwa waweza kuuawa kwa amri ya mamlaka. Kwa maoni yangu, kuua mbwa ovyo hakujatuletea usalama popote. Wanaouawa ni wale wanaoshikika, nao mara nyingi ndio waliochanjwa, na nafasi yao huchukuliwa na watoto wa mbwa wasiochanjwa. Kinachokata mnyororo ni chanjo ikiwafikia mbwa saba katika kila kumi. Kisiwa cha Pemba kilithibitisha hayo: baada ya kampeni za kuchanja mbwa, ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Ukarejea mwaka 2016, umevushwa bahari kutoka Tanzania bara, na kufikia mwishoni mwa 2018 chanjo ilikuwa imeumaliza tena. Kama bahari haikuuzuia, mto Lhubiriha hautauzuia. Mbwa huvuka kwenda Kasindi na kurudi Mpondwe bila kuonyesha kitambulisho kwa yeyote, na barabara ya kutoka huko hadi kwetu si ndefu. Kwa hiyo tusihesabu mbwa wa jirani. Kila boma lihesabu wake.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, na kisha kila mwaka. Kampeni ikipita kijijini, wapeleke hata watoto wadogo wa mbwa. Chanjo lazima ihifadhiwe kwenye baridi, hivyo usinunue ile inayotembezwa mkobani juani. Mbwa aletwe kwa kamba imara na mtu mzima anayemfahamu, si kwa mkono wa mtoto. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na hati nyingine za nyumba. Mwenye mbwa anayefika kituoni na kadi hiyo mkononi humpunguzia jirani yake hofu, na mazungumzo yetu huwa mafupi.

Paka naye achanjwe. Mlete katika kikapu chenye mfuniko, au katika gunia jepesi lililofungwa mdomo. Akimkwaruza mtu njiani, mtu huyo aoshwe kwa sabuni palepale, kabla foleni haijasogea.