Kabla hujalipia kioo kipya

Mdogo wangu uliyeandika kwamba laptopu ikiwashwa inapiga mistari ya rangi, inatulia, kisha inaanza tena, na fundi ameshakutajia bei ya kioo: hiyo hela usiitoe kwanza.

Izime, iwashe, uikazie macho. Mistari inaanza lini? Ikiwa ipo tangu ile nembo ya kampuni, Windows hata haijaamka, basi usimalize bando kupakua programu. Tatizo ni la vifaa. Nembo ikiwa safi, vurugu zikaja Windows inapofunguka, mshukiwa ni draiva ya picha, hasa kama kompyuta imejisasisha karibuni. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B; kioo kitapepesa na draiva itaanza upya. Bado? Shikilia Shift huku ukibofya Restart, ufuate njia mpaka Safe Mode. Huko Windows hutumia draiva yake ya msingi. Picha ikitulia, rudisha draiva ya zamani au chukua mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu yako.

Sasa wewe ambaye mistari ipo tangu mwanzo. Azima waya wa HDMI, chomeka kwenye TV ya sebuleni, subiri Windows ifunguke, kisha bonyeza Windows na P uchague picha iende kote kuwili. TV ikiwa safi, ubaya uko kwenye kioo au waya wake. Chezesha mfuniko taratibu. Mistari ikihama au kupotea, ni ule waya bapa unaopita kwenye bawaba: umelegea au umechubuka, na kwa kawaida bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kioo. (Kuna mafundi hawautaji waya huo mpaka uulize. Uliza.) Wenye Dell, nyingi zina jaribio lake: zima, shikilia herufi D, washa. Rangi tupu zitapita moja moja. Zikiwa na mistari, kioo ndicho kibovu.

TV nayo ikionyesha mistari, kioo usikiguse. Mwambie fundi achomoe RAM, aipanguse na kuirudisha. Isiposaidia, huenda ni chipu ya picha, ambayo kwenye laptopu nyingi imechomelewa kwenye bodi. Kwa mashine ya zamani, mimi nisingetengeneza. Ila kabla hujaipeleka popote, nakili kazi zako za chuo kwenye flashi, maadamu TV bado inakuonyesha faili ziko wapi.