SOMO LA HISABATI: MALI, MZIZI NA FUMBO LA MTIHANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tumeona tuwape wanafunzi wetu wa kidato cha tatu na cha nne somo ambalo huenda wengine wakashangaa kulikuta katika jarida la madrasa, nalo ni kufumbua mafumbo ya hesabu kwa aljebra. Sababu yake ni nzito. Mwaka hadi mwaka Hisabati ni somo ambalo watahiniwa wengi wa kidato cha nne hapa nchini hulifeli. Chuo kikitaka kumpokea kijana huangalia cheti chake, na vingine humpa mtihani wa kujiunga. Hapa Momela tunawaona vijana wenye akili nzuri, waliohifadhi juzuu kadhaa, wakikutana na swali la mafumbo wanaliacha tupu na kusema, "Hesabu si fungu langu." Tunapenda kuwaonesha kwamba ni fungu lao. Anayejua kugawa mirathi tayari ameingia katika aljebra. Kilichobaki ni kukipa jina kile asichokijua.

Ilikotoka elimu hii

Jina aljebra limetokana na neno la Kiarabu al-jabr. Limo katika jina la kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, wakati wa Khalifa al-Ma'mun aliyetawala mwaka 813 hadi 833 Miladia. Al-Khwarizmi alieleza kwamba alikusudia kuwasaidia watu katika mirathi, wasia, migawanyo, biashara na upimaji wa ardhi, na sehemu kubwa ya kitabu inahusu wasia na mirathi. Mwaka 1145 Robert of Chester alikitafsiri kwa Kilatini huko Hispania, na kwa njia hiyo elimu hii ikaenea Ulaya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakutumia x wala alama ya sawasawa. Kila kitu alikieleza kwa maneno. Ile tunayoiandika leo x aliiita jidhr, yaani mzizi, na x² aliiita mal, neno lile lile tunalosema sisi "mali". Kwa hiyo fumbo la maneno si nyongeza iliyobandikwa kwenye aljebra. Aljebra ilianza kwa maneno, na herufi zilikuja baadaye ili kufupisha.

Hatua tano za kufuata

1. Soma swali mara mbili. Maswali ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza, basi jisimulie kwa Kiswahili mpaka ulione jambo lenyewe.
2. Uliza: ninatafutiwa nini? Kipe jina, x, na uandike x ni kitu gani.
3. Tafuta vitu viwili vilivyo sawa katika swali, uviandike pande mbili za mlinganyo.
4. Rahisisha mlinganyo kwa jabr na muqabala, kama tutakavyoonesha.
5. Rudisha jibu katika swali lenyewe, si katika mlinganyo wako tu, uone kama linakubali.

Mfano wa kwanza: matenga ya nyanya

Mkulima wa Ngarenanyuki akipeleka nyanya zake sokoni atauza kila tenga shilingi 15,000, lakini atalipa gari shilingi 60,000. Akiuza shambani atapata shilingi 12,000 kwa kila tenga bila gharama ya gari. Akapiga hesabu akaona njia zote mbili zinambakishia fedha sawa. Ana matenga mangapi?

Matenga yawe x. Fedha ya sokoni ni sawa na fedha ya shambani:
15,000x − 60,000 = 12,000x

Jabr ni kurejesha kilichopungua. Upande wa kushoto umepungukiwa 60,000. Tunaurejeshea, na upande wa kulia nao tunauongezea kiasi hicho hicho, kwa uadilifu:
15,000x = 12,000x + 60,000

Muqabala ni kukabilisha, yaani vitu vya aina moja vilivyo pande zote mbili kuondoleana. Tunaondoa 12,000x kila upande:
3,000x = 60,000
x = 20

Tuhakikishe. Sokoni atapata 300,000, akitoa gari zinabaki 240,000. Shambani, matenga 20 kwa 12,000 ni 240,000. Jibu ni matenga 20.

Mfano wa pili: mirathi

Mtu amefariki, wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya kutolewa gharama za maziko, madeni na wasia, mali iligawanywa na binti akapata shilingi 1,400,000. Mali iliyogawanywa ilikuwa kiasi gani?

Hukumu tunaijua kutoka Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12: kwa kuwa kuna watoto, mke hupata thumni, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya binti. Watoto basi wana mafungu 2 + 2 + 1 = 5. Kila fungu ni 1,400,000, kwa hiyo watoto wote wamepata 7,000,000.

Mali iwe x. Tukitoa thumni ya mke kinabaki cha watoto:
x − x/8 = 7,000,000
7x/8 = 7,000,000
x = 8,000,000

Hapa wengi huteleza. Huchukua thumni ya 7,000,000, ambayo ni 875,000, wakaiongeza na kupata 7,875,000. Thumni ya mke ni ya mali yote, si ya mabaki. Katika mtihani kosa hilo hupoteza alama. Katika mirathi ya kweli hupoteza haki ya mjane. Hakikisha: mke 1,000,000, binti 1,400,000, kila mtoto wa kiume 2,800,000. Jumla ni 8,000,000.

Mfano wa tatu: bustani

Bustani ya mstatili ina urefu unaozidi upana kwa meta 10, na eneo lake ni meta za mraba 39. Tafuta upana.

Upana uwe x, urefu ni x + 10. Basi:
x² + 10x = 39

Mlinganyo huu umo katika kitabu cha al-Khwarizmi: mali na mizizi kumi ni sawa na 39. Chora mraba wenye upande x. Zile 10x zigawe mistatili miwili yenye upana 5, moja uibandike ubavuni na nyingine chini. Utaona kona moja iko wazi, nayo ni mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Ijaze, na upande wa kulia nao uongeze 25:
x² + 10x + 25 = 64
(x + 5)² = 64

Kipeuo cha pili cha 64 ni 8 au −8, kwa hiyo x = 3 au x = −13. Al-Khwarizmi alitaja 3 peke yake. Katika mtihani wa leo andika zote mbili, kisha ueleze kuwa −13 haifai kwa sababu upana haupungui sifuri. Upana ni meta 3, urefu meta 13, na 3 × 13 = 39.

Zoezi la nyumbani

1. Mfanyabiashara ametoa zaka ya fedha, sehemu moja katika arobaini, akabakiwa na shilingi 3,900,000. Alikuwa na kiasi gani kabla ya kutoa?
2. Njia ya kupanda Mlima Meru kutoka lango la Momela hupita kibanda cha Miriakamba, kisha cha Saddle. Vimo vyao kutoka usawa wa bahari vikijumlishwa ni takriban meta 6,084, na vimetofautiana kwa meta 1,056. Kila kibanda kiko kimo gani?

Majibu: (1) shilingi 4,000,000. (2) Miriakamba meta 2,514, Saddle meta 3,570.

Neno kwa wazazi

Wazazi wetu, si lazima mzazi ajue aljebra ili amsaidie mtoto. Mwambie akusomee fumbo moja kila jioni na akueleze kwa Kiswahili: kinatafutwa nini, na nini ni sawa na nini. Akiweza kukueleza wewe, kuandika mlinganyo ni kazi ndogo. Nawe mwanafunzi, usiache swali tupu. Andika x ni nini, andika mlinganyo, onesha kila hatua. Katika hisabati hatua nazo hupewa alama.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.