KELELE KATIKA REDIO YA GARI: SOMO LA ISTILAHI NA UTAMBUZI WA HITILAFU

Utangulizi

Suala la istilahi za kisayansi limewashughulisha wataalamu wa Kiswahili kwa miaka mingi. Kamusi kadhaa zimetungwa, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Aidha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kamusi hutaja majina ya vitu tu. Haimfundishi mtu jinsi ya kufuatilia hitilafu hatua kwa hatua hadi kuifikia. Kazi hiyo hufanywa na matini, na matini za aina hiyo bado ni adimu katika Kiswahili.

Makala haya yanachukua tatizo moja linalojulikana na wenye magari ya kibinafsi na matatu vilevile: kelele zinazosikika kwenye spika baada ya redio mpya na kikuza sauti, yaani amplifaya, kufungwa garini. Hoja kuu ni kwamba neno 'kelele' ni pana mno kumfaa fundi. Anayeitaja kelele kwa jina lake mahususi huwa amekwisha kupunguza kazi kwa kiasi kikubwa; asiyeweza kuitaja hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na gharama humwangukia mwenye gari.

Chanzo cha kelele

Injini inapozimwa, betri ya gari dogo iliyojaa huwa na takriban volti 12.6. Injini inapowaka, altaneta, mtambo unaozungushwa na mkanda wa injini, huichaji betri kwa takriban volti 13.5 hadi 14.5. Altaneta huzalisha umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara kwa mara. Daiodi zilizomo ndani yake huugeuza uwe wa mwelekeo mmoja, lakini hazifaulu kuulainisha kabisa. Husalia viwimbi vidogo vinavyosafiri pamoja na umeme huo.

Viwimbi hivyo havina madhara mpaka vipate njia ya kuingia kwenye sauti. Kwa kawaida njia hiyo hufunguliwa wakati wa kufunga vifaa vipya. Redio hukaa kwenye dashibodi na kikuza sauti hukaa nyuma, aghalabu kwenye buti au chini ya kiti. Kila kimoja hufungwa waya wa ardhi mahali pake. Istilahi 'ardhi' hapa ni sitiari, kwani tairi za mpira hulitenga gari na udongo; ardhi ya gari ni bodi yake ya chuma. Iwapo pahali pawili hapo pana tofauti ndogo ya volti, mkondo hupita katika waya wa ishara unaounganisha redio na kikuza sauti. Hali hii inaweza kuitwa mzingo wa ardhi. Kikuza sauti hakibagui: hukikuza kiwimbi kama kinavyoikuza sauti ya mwimbaji.

Kuitaja kelele kwa jina lake

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya milio na tanakali za sauti. Hazina hiyo yaweza kutumika kuainisha kelele katika makundi manne.

(a) Mluzi. Huu ni mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri injini inavyokanyagwa. Huelekeza kwenye altaneta na mzingo wa ardhi.

(b) Mtatariko. Ni mlio wa ta-ta-ta ambao huharakika mwendo wa injini unapoongezeka. Chanzo chake huwa ni koili, plagi na nyaya zake, ambazo hurusha mawimbi hewani yakanaswa na antena. Gari la dizeli halina plagi za cheche; kwa hivyo likitoa mtatariko, chanzo kitafutwe kwingine.

(c) Mshindo wa shaa. Ni mlio mfululizo, kama wa mafuta kikaangoni, usiobadilika injini iwake au izimwe. Mara nyingi kidhibiti cha kikuza sauti huwa kimefunguliwa kupita kiasi.

(d) Mkwaruzo. Huja na kutoweka, hasa gari linaporuka mashimo. Huashiria waya uliolegea au waya wa spika unaogusa bodi. Usipuuzwe, kwani huweza kukiunguza kikuza sauti.

Hatua za utambuzi

Baada ya kelele kutajwa, njia yake hufuatwa kwa mpango. Hatua zifuatazo zinahusu mluzi, ambao ndio usumbufu wa kawaida zaidi.

1. Redio iwashwe bila injini kuwashwa. Mluzi ukikosekana, kisha ukatokea injini inapowaka, altaneta inahusika.

2. Sauti ipunguzwe hadi mwisho. Mluzi ukipungua pamoja na sauti, unaingilia kwenye antena au chombo kinachotoa muziki. Ukibaki vilevile, unaingia baada ya kidhibiti sauti, yaani kwenye waya wa ishara au kikuza sauti.

3. Ikiwa muziki unatoka kwenye simu inayochajiwa garini, chaja ichomolewe. Mluzi ukikoma, mzingo umepitia kwenye chaja.

4. Mfumo uzimwe, waya za ishara zichomolewe kwenye kikuza sauti, kisha mfumo uwashwe tena. Mluzi ukikoma, kosa liko kwenye waya hizo au redio. Ukiendelea, kosa liko kwenye kikuza sauti chenyewe au waya wake wa ardhi.

5. Waya wa ardhi ukaguliwe. Rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane, na nati ikazwe barabara. Waya huo uwe mnene sawa na waya chanya, na urefu wake usizidi takriban nusu mita. Mfumo ukiwa umezimwa, ukinzani kati ya pahali hapo na ncha hasi ya betri uwe karibu na sufuri.

6. Waya wa ishara upitishwe upande mmoja wa gari, na waya mkuu wa umeme upande wa pili.

7. Haya yote yasipofaa, multimita itumike kupima mkondo geu kwenye betri injini ikiwaka. Kipimo kinachozidi nusu volti ni sababu ya kuzishuku daiodi za altaneta. Betri isichomolewe kamwe injini ikiwaka, kwani volti huweza kupanda ghafla na kuharibu vifaa.

Mafundi wengine hukimbilia kufunga kichujio mwanzoni. Kichujio huweza kuunyamazisha mluzi, lakini waya uliofungwa juu ya rangi hubaki ulivyokuwa, na baadhi ya vichujio vya waya wa ishara hudhoofisha besi. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.

Lugha ya utambuzi

Hatua hizi zimejengwa juu ya kiambishi -ki- cha masharti: 'mluzi ukikoma', 'ukiendelea'. Kiambishi hiki huacha matokeo yote mawili wazi mpaka jaribio lifanywe. Kiambishi -nge- hakifai hapa, kwa kuwa huashiria jambo lisilotarajiwa kuwa. Nao muundo wa 'kadiri... -vyo-' hueleza uhusiano wa vipimo viwili vinavyobadilika pamoja, uhusiano ambao ni msingi wa fizikia. Sarufi inayofundishwa darasani, basi, ndiyo mantiki ya fundi.

Hitimisho

Imebainika kuwa Kiswahili hakikosi uwezo wa kueleza hitilafu ya umeme wa gari. Kinachokosekana ni matini zinazoziweka istilahi kazini. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wanaotafiti istilahi watembelee gereji, wawasikilize mafundi wakieleza milio, na wayaandike maelezo hayo kama miongozo kamili. Fundi atakayesoma mwongozo huo akaikwangua rangi mahali pafaapo, mluzi ukakoma, atakuwa ushahidi wa kutosha kuhusu uwezo wa lugha hii.